Ng'ombe wa Mama Niliyemwandika Kuwa Yupo

Jumatano, Julai 1998

Leo kutwa bonde limejaa moshi wa nyasi zinazochomwa. Macho bado yananiwasha. Afadhali, maana mama hajauliza kwa nini ni mekundu.

Hii ni wiki ya tatu tangu nianze kazi kwenye mradi wa mifugo, ule wa wafadhili wanaojaribu hereni za kielektroniki. Bwana mifugo anadunga sindano, mimi napitisha mashine karibu na sikio la ng'ombe. Mashine inasoma hereni yake, inalia, namba inatokea kwenye kioo. Naitafuta namba hiyo kwenye daftari la mradi na kuweka alama kwamba ng'ombe yupo. Nilipomaliza kidato cha nne nilimshukuru Mungu kwa kupata kazi isiyonilazimu kuzungumza sana.

Leo tulivuka mto pale Kivukoni kwenda kwa baba mdogo. Sisi Wasukuma hatuweki ng'ombe wote zizi moja, ili ugonjwa ukiingia usiwamalize. Wa nyumbani walikwisha mwaka ule baba alipofariki. Mama amebakiwa na mmoja tu, yule anayetunzwa na baba mdogo. Ndiye wa kunipeleka chuo cha uuguzi Januari.

Mama mdogo alinitania, "Mpitishie na huyu mume wangu, tujue kama naye ameandikishwa." Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka.

Kisha mashine ikalia kwa mtamba mdogo mwekundu. Kwenye daftari, namba ile ni ya jike jeusi, baka jeupe begani, mali ya mama. Nikatazama sikio. Hereni ilikuwa imefungwa kwa waya, haikubanwa sikioni kama za wengine.

Nikaelewa.

Baba mdogo alisogea kabla sijafungua mdomo. "Ndiye yuleyule wa mama yako," alisema taratibu. "Jua la huku linababua ng'ombe." Hakunitazama.

"Yupo?" bwana mifugo akauliza, bomba la sindano mkononi.

Wazee wenzake baba mdogo walikuwa wamesimama palepale. Ningewezaje kumwambia mbele yao kwamba anasema uongo?

"Yupo," nikasema. Nikaweka alama.

Sijui yule mweusi alikufa au aliuzwa. Sikuuliza. Njia nzima ya kurudi nilitamani bwana mifugo aniulize tena. Alikuwa amelala kwenye gari.

Jioni nilimkuta mama akipepeta mchele. "Shikamoo mama," nikasema, nikataka kupita. "Marahaba. Umemwona ng'ombe wetu? Amenenepa?" Nikaitikia kwa kichwa. Akafurahi. Akasema Jumamosi ataenda mwenyewe na kamba, amlete nyumbani tumtafutie mnunuzi mapema.

Chuo nimeshakiaga moyoni. Ninachoogopa ni uso wa mama akifika kule zizini na kamba yake.

Nimejaribu kumwambia mara mbili, nikaishia kumsaidia kupepeta. Nikawaza nimwachie daftari hili ninaloandikia mambo yangu mezani, alikute mwenyewe.

Mama hajui kusoma.