Maziwa ya Ijumaa

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi, na wanangu hao wawili ambao nasikia siku hizi wakitumwa wanajibu. Ni damu ya shangazi yao hiyo, msiwachape. Natumaini mgongo wako umepoa na kwamba tajiri wako ameacha kukupanga safari juu ya safari kama vile lori lake linajiendesha. Sisi huku tupo. Baba anakula, analala, anagombana na redio. Cherehani yangu inakwenda, ingawa nimeisogeza ukutani ili niwe naegemea. Hilo nitalifikia.

Kabla ya yote, achana na ule mpango wako wa paa. Umeniandikia kwamba ukipata likizo utakuja na rafiki zako, mpande na nyundo, myavunje yale mabati ya simenti siku moja, muweke ya chuma. Kaka, nakuomba, usiguse hata kipande. Halmashauri imebandika tangazo mpaka kwenye mlango wa kinyozi: mabati yenye asbesto hayavunjwi ovyo. Wanakuja watu wenye kibali, wanayalowesha maji ili vumbi lisipae, wanafungua skrubu moja moja, wanayaviringisha kwenye nailoni nzito na kwenda kuyafukia kwenye shimo lao maalumu. Ukivunja mwenyewe unashitakiwa, na bora hata ushitakiwe kuliko ulivute hilo vumbi.

Kwa jirani yetu fundi viatu walishafika. Walivaa nguo nyeupe kuanzia utosini hadi nyayoni, na usoni barakoa zenye vichujio viwili kama mashavu ya mtu aliyejaza chakula. Mzee wako akatoa kiti chake nje, akakaa kuwatazama. Akawaambia, kwa sauti ya kusikika hadi mtaa wa pili, kwamba mabati hayo aliyakata yeye kwa msumeno akiwa amevaa fulana tu, na wao wanayashusha kama wanashusha mayai. Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Alipomaliza kujigamba akashikwa na kikohozi, na mmoja wa wale vijana akavua barakoa, akamletea maji. Hakumshukuru.

Sasa nikueleze lililonishikisha kalamu. Imetoka sheria ya fidia kwa waliofanya kazi kwenye kile kiwanda cha Baba, cha mabati hayo ya simenti. Kila aliyewahi kuajiriwa apimwe kifua, na akikutwa na makovu kwenye mapafu atibiwe na alipwe. Dirisha la kujiandikisha linafungwa mwisho wa mwezi huu. Likishafungwa, hata ukienda na mapafu yako mkononi hawakusikilizi.

Unadhani Baba alikubali? Thubutu! Kwanza alisema kiwanda ndicho kilichotusomesha, na mtu hamshitaki aliyemlisha. Kesho yake akasema yeye haumwi, ni uzee. Kaka, huo uzee gani wa kumkalisha mtu kitandani na shati mkononi, amalize kwanza kuhema ndipo avae? Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akaniambia niende nikashone.

Ikabidi nimtumie rafiki yake, Mzee Kofia. Unamkumbuka, yule waliyekuwa naye kwenye msumeno, hata harusini hakuvua kofia. Sasa amekwisha, kaka. Anatembea na mtungi wa hewa kwenye kigari cha matairi mawili, mrija puani. Alikaa sebuleni kwetu akamwambia Baba kwamba yeye ameshajiandikisha, na kwamba kiburi hakina mrija. Baba akamcheka, kisha akasema anaiogopa ile mashine ya picha za kifua.

Hapo ndipo nilipojitia ushujaa. Gari la kupimia lilikuja uwanja wa shule, na daktari alisema hata watu wa nyumbani wanaweza kupimwa bure. Nikamwambia Baba twende wote, nitatangulia mimi aone kwamba mashine haing'ati. Nikasimama, nikabana kifua kwenye kile kibao cha baridi, nikaambiwa nishike pumzi. Nilitoka nacheka. Baba akaona aibu kushindwa na binti yake, akaingia.

Majibu yake yalikuja jinsi tulivyoogopa. Makovu yapo, pande zote mbili. Lakini daktari alisema yanaendelea polepole, na akipata dawa na mazoezi ya kupumua anaweza kuwa nasi miaka. Kilichobaki ni kwenda ofisi ya fidia, aulizwe maswali, atie sahihi. Nilimpigia pasi suruali yake ya kijivu. Nikajua tumemaliza.

Ofisini alitupokea dada mmoja mpole, mwenye miwani, anayeuliza taratibu kama anayepima mtu nguo. Baba alijibu vizuri: miaka yake, idara yake, msumeno wake. Dada akafika kwenye swali la kama kiwanda kiliwapa kinga yoyote dhidi ya vumbi, na kama yeye aliitumia. Baba akasimama. Akachukua fimbo yake na kutoka nje bila kuaga. Nilimkimbilia hadi kituoni, namuuliza kulikoni, akapanda basi. Nyumbani kimya. Alikaa hivyo siku kadhaa, redio imezimwa, na mimi nikihesabu mwezi unavyoisha, hasira inanipanda mpaka nikavunja sindano mbili kwenye kitambaa cha mteja. Nilimsema, kaka. Nilimwambia anataka nimzike kwa ukaidi wake, na kwamba Mama angekuwa hai asingethubutu.

Aliposikia Mama anatajwa akaniita nikae. Akaniuliza kama nayakumbuka maziwa ya Ijumaa.

Nani asiyeyakumbuka? Kila Ijumaa kiwandani waligawiwa chupa ya maziwa. Bwana msimamizi aliwaambia maziwa ndiyo yanayoosha vumbi kifuani, wasiyakose. Ndiyo kinga waliyopewa, kaka, hakuna nyingine. Wala barakoa, wala maji ya kunyunyizia, wala mahali pa kuoga. Maziwa! Na Baba, tangu Mama alipofariki na kutuacha wadogo, hakuwahi kunywa hata funda moja. Alitia sahihi kwamba amekunywa, akaificha chupa kwenye mfuko wa ovaroli, akatuletea sisi. Miaka yote hiyo mzee wa watu ameishi akiamini amejiua mwenyewe kwa kuacha kunywa dawa yake, na kwamba akiulizwa kuhusu kinga itabidi ama aseme uongo ama akiri kwamba alimdanganya mwajiri na kuiba maziwa, wamfukuze na fidia yao. Aliniambia haya akiangalia sakafu. Nililia. Kisha nikacheka, kisha nikalia tena.

Kesho yake nilimrudisha ofisini kwa kumshika mkono, na Mzee Kofia akaja na mtungi wake. Baba alikiri yote kama mtuhumiwa. Yule dada akaweka kalamu chini. Alimwambia Baba kwamba maziwa hayaoshi mapafu. Maziwa yanakwenda tumboni, vumbi linakwenda kwingine, na sheria haiyatambui maziwa kama kinga hata kidogo. Alisema kiwanda kiliwadanganya. Mzee Kofia akadakia, huku akihema, kwamba yeye alikunywa ya kwake na ya waliokuwa hawapendi, miaka yote, na tazama alivyo. Akacheka mpaka mrija ukachomoka, tukamrudishia. Baba hakucheka. Aliomba aambiwe tena, akaambiwa: kiwanda kiliwadanganya, halikuwa kosa lako. Akatia sahihi. Nakwambia, kaka, mgongo wake ulinyooka pale pale kwenye kiti.

Natamani barua ingeishia hapo.

Tulipokuwa tunatoka, yule dada aliniomba nibaki kidogo kuna karatasi. Baba na Kofia wakatangulia kwenye benchi la nje. Dada akafunga mlango. Akaniambia kuna picha mbili zilizopigwa siku ile, ya Baba na ya kwangu, ambayo sikuwahi kufuata majibu yake, na daktari anataka kuniona haraka, kwa sababu ya kwangu ni mbaya kuliko ya Baba.

Soma tena kama hukuelewa. Hata mimi ilibidi aniambie mara ya pili.

Akaniuliza nani alikuwa akifua nguo za kazi za Baba. Nikamjibu ni mimi. Na unajua jinsi nilivyokuwa nikifua. Baba alikuwa akirudi mweupe kope hadi viatu, anavua ovaroli mlangoni, na mimi naipeleka nyuma ya nyumba, naipiga ukutani kwanza kwa nguvu zangu zote mpaka wingu linatoka, ndipo nailoweka. Wewe uliivaa ukajifanya mzimu, ukanikimbiza. Nikimaliza kukung'uta, Baba ananiita, anatoa chupa, ananimiminia. Kikombe cha kwanza ni cha fundi wa kufua, alikuwa akisema. Wewe ulikuwa ukinuna kwa sababu cha kwako kilikuwa cha pili.

Kwa hiyo kaka, hicho ndicho kinachoniegemeza ukutani. Nilidhani ni uchovu. Wewe uliyenibandika jina la Chiriku kwa sababu sinyamazi, leo ungenicheka: namaliza sentensi mbili napumzika. Daktari nimemwona. Amesema kifuani patapasuliwa, wachukue kinyama wakapime, na hakutaka kuniahidi kitu. Ninaogopa. Naandika neno hilo ili nisije nikakuambia kwa mdomo kwamba siogopi.

Sasa sikiliza lililo gumu. Sheria hiyo ina kifungu kinachowatambua watu wa nyumbani waliopatwa na vumbi kupitia nguo za kazi. Natibiwa, nalipiwa, kila kitu. Lakini mimi sikuajiriwa pale, jina langu haliko popote. Lazima mfanyakazi mwenyewe aje atoe ushahidi: kwamba kiwanda hakikuwa na mahali pa kufulia, kwamba alirudi na vumbi nyumbani, na kwamba ni mimi niliyekung'uta. Shahidi ni Baba, hakuna mwingine. Na siku ni hiyo hiyo, mwisho wa mwezi.

Bado sijamwambia. Nimejaribu. Juzi nilikaa mbele yake nikafungua mdomo, na yeye akaanza kunieleza jinsi anavyolala vizuri tangu siku ile. Anasema amebeba jiwe miaka yote na sasa amelitua. Mimi nikimwambia, namtwisha jingine zito zaidi, na hili yule dada hataweza kumwambia kwamba maziwa hayahusiki. Nisipomwambia, nakosa tiba, na siku moja atanizika bila kujua kwa nini, au atajua na kuniuliza kwa nini nilimficha. Mimi niliyempigia kelele kuhusu mficha maradhi! Angalia methali ilivyogeuka kunirukia.

Nimeamua kumwambia. Ana haki ya kujua, na mimi nina haki ya kuishi. Lakini siwezi peke yangu. Muombe tajiri wako ruhusa, mwambie uongo wowote, njoo kabla dirisha halijafungwa. Wewe ukae upande huu wa kiti chake, mimi upande ule, tumwambie kwa pamoja maneno yale yale aliyoambiwa ofisini, kwamba halikuwa kosa lake, na tuyarudie mpaka ayasikie. Na hukohuko uliko, kabla hujapanda gari, kapime kifua. Usinijibu kwamba wewe ni mzima. Hata mimi nilitoka kwenye lile gari nacheka.

Nisalimie wifi, mwambie gauni lake liko tayari, limebaki kupigwa vifungo. Wabusu wanangu. Mzee Kofia anakusalimu, na jirani fundi viatu, ambaye sasa ana paa jipya na majivuno mapya.

Baba naye amekaa hapa karibu yangu ninapoandika. Leo ni Ijumaa. Tangu atie sahihi ameanza tena, anakwenda dukani na fimbo yake, anarudi na pakiti ya maziwa, ananimiminia kwanza mimi. Nilimkumbusha alivyoambiwa na yule dada. Akasema kwa vumbi hayafai, lakini kwa mtoto yanafaa. Nimekunywa yote akiwa amesimama ananitazama, ndipo akakaa. Anauliza namwandikia nani, nimemwambia wewe. Amenituma nikuandikie hivi, na naandika kama alivyosema: kwamba miaka yote ya kazi hakuwahi kuiba hata msumari, na maziwa yale ndiyo kitu pekee alichowahi kutuletea nyumbani kutoka kile kiwanda.

Njoo, kaka.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku