Wasomaji Elfu Tatu Ila Wewe

Kidia, Old Moshi,
11 Novemba 2024.

Mpendwa dada Stella,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Sumbawanga, na lile goti liwe limekupa nafuu. Shemeji Basili hajambo? Mimi namshukuru Mungu, isipokuwa kikohozi cha msimu huu wa mvua. Ng'ombe amezaa ndama jike. Nilitaka kumwambia mtu, nikajikuta namwambia ng'ombe mwenyewe.

Usishangae kuona mwandiko wangu. Ningekupata kwenye jarida langu la barua pepe kama kawaida, lakini tarehe 19 Oktoba ulijiondoa kwenye orodha ya wasomaji. Programu ninayotumia kutuma jarida hunionyesha kila anayeingia na kila anayetoka. Jina lako lilikuwa la kwanza kwenye orodha hiyo, na nililiandikisha mimi.

Wajua nilivyoanza. Tangu mama atuache, nyumba hii ina mimi na redio. Nikaona niwaandikie ndugu kila Jumamosi kwa barua pepe: nani kafiwa, nani kaoa, kahawa imeivaje, nani kaziba mfereji. Mlikuwa ishirini na wawili. Nilikuwa nawahesabu waliofungua kama mzee wa kanisa anavyohesabu waliokuja ibada ya kwanza.

Kisha Priska wangu akaja kutoka Himo, akasema, baba, jarida likibaki kwa ndugu litazeeka nao. Akanifundisha kuweka kipande Facebook, kukikata pale utamu ulipo, na kuweka linki chini ili anayetaka mengine ajiandikishe. Mwisho wa kila toleo nikawa naomba, ukipenda mtumie mwenzako. Nikarusha kwenye makundi ya WhatsApp ya kwaya, ya wazazi wa shule, ya wafugaji, mpaka katibu wa wafugaji akaniuliza kama nagombea udiwani.

Wakafika sitini, wakagoma hapo. Habari za ndama na mfereji hakuna aliyezisambaza. Nikagundua watu husambaza kinachowauma. Ndipo nikaandika habari ya mama.

Uliisoma, sitairudia yote. Niliandika kwamba kila Desemba tukichinja, mama alitenga fungu la nyama la binti yake aliye mbali, akalitundika juu ya moshi jikoni mpaka Februari, na binti hakuja. Miaka mitatu. Sikutaja jina, nikajiona muungwana. Kumbe ukoo mzima unajua mama alikuwa na binti mmoja tu.

Ilisambaa, dada. Kwa wiki moja walijiandikisha elfu tatu na ushee, watu wa Arusha, wa Dar, hata wa Oman. Wakakutukana huko chini kwenye maoni, nami nikawajibu asante kwa kusoma. Sifa zilinipanda kichwani. Ulipojiondoa nilidhani umebonyeza kwa bahati mbaya. Hapana, huo nao ni uongo. Nilijua.

Nililoliacha bila kuliandika tunalijua wewe na mimi. Tulipogombana juu ya kuuza kile kipande cha chini cha kihamba, shamba letu la ukoo, ni mimi niliyekupigia simu nikakwambia usikanyage hapa nikiwa hai. Ukatii. Kila Desemba mama aliniuliza mbona Stella haji, nami nikamjibu labda ana kazi nyingi. Alikufa akiamini hukutaka kuja. Hata ulipokuja kumzika ulilala kwa jirani.

Jumamosi iliyopita niliyaandika hayo yote kwa jina langu, nikawatumia wote. Priska alinisihi nisifanye hivyo. Mpaka leo asubuhi mia nne wamejiondoa, na waliolisambaza toleo hilo ni tisa. Wacha waende. Hao waliobaki nao hawajui kama nakohoa. Nikipika mtori naula siku tatu, peke yangu, na upweke huu nimejitafutia mwenyewe.

Ndani ya bahasha kuna jani la isale, nimelipiga fundo. Unajua desturi yetu, aliyekosa halipeleki mwenyewe, humtuma mzee akamwombee msamaha. Nimetafuta mzee wa kumtuma, nikakuta mzee aliyebaki hapa ni mimi. Kwa hiyo linakuja kwa posta, na litafika limekauka. Isale halikataliwi, lakini sitakubana kwa desturi baada ya kukutendea vile. Ukilikataa nitaelewa.

Wasalimie shemeji na watoto, hasa Aikaeli, aliyebeba jina la mama. Priska anakuamkia. Mungu akulaze salama na akuamshe bila kinyongo.

Ukilipokea, njoo Desemba hii. Sitamwandikia mtu yeyote kwamba umekuja.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Elifuraha