Mlango Ambao Wezi Hawakuuvunja

Mjukuu wangu Kendi,

Sisi huku Kibirichia ni wazima. Viazi vimechanua, na shangazi yako amejifungua msichana mwenye sauti kubwa. Tulishangilia sana kusikia gari lako lililoibwa limepatikana! Unaniuliza kama umsikilize fundi anayetaka uwaambie watu wa bima kuwa kila palipobonyea ni kazi ya wezi.

Nilipokuwa ndiyo kwanza nimeolewa, pikapu yetu iliibwa, ikapatikana Kanyakine bila redio wala betri, kioo kimevunjwa. Mtu wa bima alipogusa mlango uliobonyea, fundi wetu wa gereji alinikonyeza niseme ni wezi.

Nikasema, "Huo ulipigwa teke na ng'ombe wetu, kabla ya wizi."

Yule mtu alicheka mpaka akaketi juu ya tairi. "Mama, kila mtu huniletea wezi. Wewe umeniletea ng'ombe! Hayo mengine nitayaandika vile umesema."

Hakuuliza swali lingine. Tukatengenezewa yote isipokuwa mlango. Siku ya kuichukua kutoka gereji, babu yako alipiga honi kila kona hadi nyumbani, nami nimeushikilia mlango kwa kamba, nikicheka kama mtoto.

Nakukumbatia,
Nyanya yako