Maji ya Mchana ya Swafia

S.L.P. 87,
Mumias.
8 Januari 1996

Mpendwa kaka Abdulmalik,

Assalaam aleikum. Hujambo wewe na wifi Zeituni huko Mombasa? Sukari yako je, imetulia? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila moyo wangu hautulii, na utauona hata kwenye mwandiko.

Ni binti yangu Swafia. Unakumbuka Agosti alivyokesha siku nne akiongea bila kumeza mate, akigawa nguo zake njiani, naye ana miaka kumi na mitano tu. Sindano ya kwanza ilimtuliza lakini ikamkakamaza shingo. Ndipo daktari akampa vidonge vya lithiamu, akarudi darasani na utani wake wote. Masharti yalikuwa anywe maji mengi kila siku, na damu ipimwe.

Kaka, kosa ni langu. Shaaban ilipoingia nilimkumbusha siku sita alizobakiza kulipa za Ramadhani iliyopita. Nikawa namwamsha mwenyewe ale daku, nikijisifu nina mtoto mcha Mungu. Siku ya nne mikono ilimtetemeka hadi kikombe kikamponyoka, akatapika, akawa anayumba. Hospitalini Kakamega damu ikaonyesha dawa imezidi, kwa kuwa mwili ulikosa maji katika jua hili la Januari. Nililia mbele ya daktari bila haya.

Dawa ilisimamishwa, sasa amerudishiwa kwa kipimo kidogo. Daktari asema ama aendelee na lithiamu na asifunge, ama ajaribu dawa ile ya watu wa kifafa, ambayo hatujui kama itamfaa. Naogopa kubadilisha. Na mwezi utaandama baada ya wiki mbili.

Sheikh wetu amesema mgonjwa ana ruhusa. Swafia hataki kusikia. Aliniambia, "Mama, nikikula mchana watu watasema wazimu bado iko."

Wewe ndiye uliyemfundisha Kurani, neno lako kwake halipingwi. Lakini usimwandikie aya, anazijua. Mwandikie nilichokiona Ramadhani ile nilipokuja kwako: mwalimu mzima wa madrasa umejificha stoo, unakunywa uji mchana kwa sababu ya sukari. Nimekutunzia siri hiyo miaka mitatu, hata mume wangu hajui. Sasa naomba umpe Swafia.

Msalimie sana wifi, na Farouk mwambie shangazi yake anamkumbuka. Mola akupe afya, akupe na ujasiri. Andika upesi kaka, mwezi hausubiri posta.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Aminah