Kidimbwi Kisifukiwe Kwanza

International City, Dubai
Jumatano, baada ya kazi

Kwako Mama yangu,

Nakusalimu kwa upendo wote, na kabla sijasema langu nakuuliza: goti limeacha kukusumbua? Mwanangu Neema kikohozi kiliisha? Anakula? Mimi mwili ni mzima, moyo tu ndio hautulii. Hata barua hii naiandika nikiketi na kuinuka, mpaka Nakato, yule dada wa Uganda tunayelala naye chumba kimoja, ameniambia, "Wewe, kama unaenda, nenda. Kama unaandika, andika."

Barua ataileta Jacinta, mwenzangu wa kazi ya usafi, anakuja likizo Ijumaa. Kwenye simu kaka Wafula huinyakua kabla sijamaliza, na hili nataka ulisome wewe mwenyewe, uvae miwani.

Ni habari ya kidimbwi cha chini ya shamba. Najua mimi ndiye niliyesema kifukiwe. Siku ile uliponiambia Neema amepatikana ukingoni, amelowa hadi magotini na kiatu chake kimoja kinaelea, nililia nikamwambia kaka yangu alete lori la udongo hata kesho. Tangu siku hiyo kila nikipiga deki nakiona kile kiatu. Lakini sasa Mama, naomba lori lingoje kwanza. Nitakueleza sababu, na usicheke, inaanzia kwa mjusi.

Kule Marina namfanyia usafi mama mmoja wa Ulaya, Madam Greta, zamani alikuwa mwalimu. Kwenye chumba cha kufulia ana tangi la kioo, na ndani mna mnyama wa urefu wa kidole, mgongo wa bluu, tumbo la rangi ya chungwa kabisa. Usiogope, si kinyonga. Mimi nilikuwa namwita mjusi wa maji. Hakutolewa porini, alizaliwa kwenye tangi la shule alikofundisha madam. Asili yao ni milima na misitu ya baridi, kwa hiyo maji yake yanapozwa kwa mashine. Nilipomsimulia Nakato alisema, "Mjusi ana ubaridi wake peke yake, na sisi sita tunagombania AC moja. Muulize madam kama kuna nafasi humo."

Basi juzi Jumatatu madam alienda dukani, mimi nikaingia kukunja nguo. Namkuta mjusi anapanda kioo, vidole vimeshika ukingo, anataka kutoka. Nikamrudisha majini kwa kijiko. Akapanda. Nikamrudisha. Mara ya nne nikachukua sinia nikafunika tangi, nikalishikilia kwa mikono miwili, jasho linanitoka. Nilikuwa namwambia kwa sauti, "Tulia, utaanguka ufe, na mwenyewe nitamwambia nini?"

Madam akaingia. "Naliaka, unafanya nini?"

"Nimemwokoa, madam. Alikuwa anatoroka."

Akaliondoa sinia polepole. "Khalas, basi, mwache. Wakati wake wa maji umeisha, sasa anataka nchi kavu. Ukimlazimisha kubaki humo anaweza hata kuzama."

Nikamuuliza, mnyama wa maji azame vipi? Akanieleza kwamba huyu si mjusi hata kidogo, ni ndugu wa chura aliyebaki na mkia. Kwao baridi ikiisha wanaingia dimbwini kutaga, halafu wanatoka kwenda kukaa chini ya magogo na majani. Mwaka ukizunguka wanarudi, na mara nyingi dimbwi lile lile. Tukamwekea kisanduku cha udongo wenye unyevu na gome la mti. Alipoingia chini ya lile gome akatulia, Mama. Mimi niliyefikiri namwokoa nikaona aibu.

Ndipo nikamwambia madam habari ya Neema na kiatu, na lori. Akaketi kwenye kile kingazi ninachosimamia kufuta madirisha. Akasema baba yake pia alifukia dimbwi la kwao, wiki ile ile mdogo wake alipotumbukia akatolewa mzima. "Ningekuwa baba ningefukia pia," akasema. Lakini mwaka uliofuata, theluji ilipoyeyuka, hawa wanyama wakaja. Walitembea juu ya udongo pale pale, wanazunguka, wanatafuta maji. Yeye na mdogo wake wakawaokota kwa ndoo wakawapeleka kwa jirani. Baadaye jirani naye akatia samaki, samaki wakala watoto wa wanyama hawa.

Nikauliza, kwa hiyo wamekwisha duniani? Akasema hapana. Wataalamu hawamweki kati ya wale walio karibu kuisha, bado yupo nchi nyingi za Ulaya, na kwao hata sheria inamlinda. Ila madimbwi yanafukiwa moja moja, na kuna ugonjwa wa ngozi unaowaua, kwa hiyo sehemu nyingine wanapungua.

"Kama bado wako wengi, madam, mbona unahuzunika?"

"Wengi kwenye kitabu," akasema. "Kwenye shamba letu hakuna hata mmoja."

Mama, huko kwetu hatuna wanyama hao, lakini tuna vyura. Wewe ulikuwa unasikia kelele zao, ukajua mvua inakuja, ukatutuma tuanue mahindi. Neema nilimwacha akitambaa, sasa anakimbia, na ananiita Mama wa Simu. Nikija Desemba, Mungu akipenda, najua nitazunguka hapo nyumbani nikitafuta vitu vingi nilivyoviacha. Nataka nikikute hata kidimbwi, nimshike mkono Neema, nimwonyeshe mwenyewe pa kukanyaga na pa kutokanyaga.

Kwa hiyo mwambie Wafula azungushe uzio wa fito. Zikaribiane Neema asipite, lakini chini kabisa aache uwazi wa vyura. Komeo la mlango liwe juu, mtoto asilifikie. Na ule mpango wake wa zamani wa kutia samaki humo auache.

Lakini wewe ndiye unayemkimbilia mtoto kila siku na goti hilo, mimi niko mbali. Ukiona uzio hautakupa amani, fukieni. Sitasema neno, na sitalikumbusha nikija. Neema kwanza.

Nisalimie Wafula, asinikasirikie kwa kugeuza maneno. Nisalimie na mke wake, mwambie asante kwa kumwogesha mwanangu unapochoka. Baba mkubwa Simiyu wa baiskeli naye umwambie bado namkumbuka.

Jambo moja limebaki. Upande wa nyuma wa karatasi hii sijaandika kitu. Mwite Neema, mwekee mguu hapo, uchore kuuzunguka kwa kalamu, halafu umpe Jacinta anirudishie. Niliingia dukani kumtafutia viatu, muuzaji akaniuliza saizi, nikavirudisha rafuni nikatoka.

Wako mwana akupendaye,

Naliaka, mama yake Neema