Gadi Chini ya Kitanda

Jumatano, 8 Novemba

Mikrowevu imekufa. Na feni ya jikoni pia. Umeme wa kambi hii ya magari-nyumba ulipanda ghafla mchana – taa zikang'aa kupita kiasi, halafu pa! Harufu ya plastiki gari zima, hii nyumba yetu ya magurudumu. Mashine ya oksijeni ya Garland imepona kwa bahati tu. Alikuwa ameizima, yuko nje anaota jua na mtungi wake mdogo. Angekuwa amelala je?

Mwenye kambi anasema ni upepo umepiga nyaya. Upepo!

Garland ananitania, eti sasa nitapika kwa kuni kama bibi yake. Sikucheka. Mume wangu anapumua kwa plagi, na kila kambi tunachomeka gari kwenye nguzo ya umeme ya mtu tusiyemjua.

Ijumaa, 10 Novemba

Gadi ya umeme niliyoagiza imefika. Umeme ukiwa mbaya, inaukata kabla haujaingia ndani. Zipo za kuning'iniza nje kwenye nguzo, nimekataa – zinaibwa. Hii inafungwa ndani, kwenye waya wenyewe.

Garland alitaka tusubiri Texas, kwa mdogo wake. Royce ni fundi umeme wa majumba tangu ujana, na tutakaa kwake msimu mzima wa baridi. Nikasema hapana. Mpaka Texas kuna nguzo nyingine kibao njiani. Nitafunga mwenyewe.

Akaichukua gadi, akaigeuza-geuza mikononi. Alikuwa fundi bomba miaka yote, kukaa tu kunamuuma, najua. Mwishowe akasema, "Haya. Basi mimi msimamizi."

Jumamosi, 11 Novemba

Imefungwa! Mgongo sina, lakini imefungwa!

Waya mkubwa unaingilia chini ya kitanda chetu. Kwa hiyo godoro nje, kwenye nyasi. Kosa kubwa. Wazee wa kambi wakiona godoro nje na mwanamke kashika bisibisi, hawahitaji mwaliko. Wakaja na viti vyao vya kukunja na kahawa, wakajipanga mlangoni. Emmett, jirani yetu, akasema nakata waya mrefu mno. Mwenzake akasema mfupi mno. Kuinama hakuna hata mmoja – magoti, eti.

Nilichomoa plagi kwenye nguzo. Nikapima, sifuri. Msimamizi kwenye kiti chake, mpira wa oksijeni puani: umepima? Nimepima. Pima tena. Nikapima tena. Nikakata. Jamani, kukata waya mzima wa nyumba yako kwa mkono wako! 

Mweusi kwa mweusi, mweupe kwa mweupe, kijani kwa kijani. Unaotoka nguzoni upande huu, unaokwenda ndani upande ule. Nikavuta kila mmoja kuona kama umeshika – mweupe ukachomoka! Mungu wangu. Nikaurudisha, nikakaza skrubu mpaka kiganja kikauma.

Nikachomeka. Kimya. Hakuna taa, hakuna friji. Emmett akakohoa kile kikohozi cha mtu anayejua. Nilitamani kuingia chini ya kitanda nisitoke.

"Inaukagua umeme kwanza, bibie," Garland akasema. "Ipe muda."

Tukasubiri. Tak! Kioo cha gadi kikaandika volti 118. Friji ikaguna, mashine ikaanza kuhema. Nililia pale pale juu ya mbao za kitanda. Wazee wakapiga makofi, kisha wakaanza kubishana ushauri wa nani ndio uliosaidia.

Jumanne, 14 Novemba

Oklahoma. Baridi, kila mtu kawasha hita, umeme umechoka. Gadi ikakata yenyewe, baadaye ikarudisha yenyewe. Garland alihamia kwenye mtungi, akaendelea na fumbo lake la gazeti. Mimi nikaendelea na viazi. Raha iliyoje!

Jumapili, 19 Novemba

Tumefika kwa Royce. Shemeji wa watu! Amejenga nguzo ya umeme kwa ajili yetu tu, kando ya banda. Ameipaka rangi, ameweka na taa, na kibao chenye majina yetu. Tangu mkewe afariki hajapata wageni. Alinipokonya plagi akaichomeka mwenyewe, anacheka kama mtoto.

Gadi ikakataa.

Tukasubiri. Ikakataa tena. Nikachungulia kioo: volti 241. Mara mbili ya tunavyotakiwa! Nikamwambia. Akasema kidude kibovu, au nimekifunga kinyume. Akasema kina swichi ya kukiruka, umeme upite moja kwa moja, tuiwashe, kaka yake apate hewa. Garland akanitazama, akamtazama mdogo wake. Nilimwonea huruma.

Nikakaa juu ya kitanda. Juu ya gadi kabisa.

"Shemeji, pima kwanza. Ukiniona mjinga nitakuomba radhi mbele ya bata mzinga wako wa Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi."

Akatoka amenuna. Nikavuta waya mrefu kutoka jikoni kwake, nikaipima soketi, nikawasha mashine. Inahema vizuri. Garland yuko salama. Nilikaa chini, nikacheka peke yangu. Asante Mungu.

Sasa namwona Royce dirishani. Amepima. Amepima tena. Amefungua sanduku la nguzo, anatazama soketi. Nimeshaelewa – ameona matundu matatu makubwa akafikiri ni soketi ya mashine ya kukaushia nguo, kama zile za majumbani alizofunga maisha yake yote. Ya magari yetu inafanana nayo, lakini inataka nusu ya umeme ule.

Amevua kofia. Amekaa chini kwenye matope, mgongo kwenye nguzo. Haji ndani.

Garland ameona. Anavaa viatu. Nikamwambia baridi, mapafu yako. Akasema, "Ni mdogo wangu, Noreen." Nikamfunga skafu, nikampa mtungi.

Sasa yuko nje, wametengana hatua chache. Garland amesimama kupumzika. Royce hainui kichwa. Garland anakaa – anakaa matopeni, huyu mzee! Atainukaje? Amemwekea mkono begani. Royce ameshika ule mpira wa oksijeni kwa vidole viwili, taratibu, kama anakagua hewa inapita, na mabega yake yanatikisika kwa kilio. Nachukua blanketi, naenda kuwainua wote wawili.