Waya Ule Niliufunga Mimi

Tukuyu, Rungwe
19 Agosti 1956

Mpendwa ndugu yangu Yotamu,

Salamu nyingi zikufikie huko Kitwe. U mzima? Kifua bado kinakusumbua kwa vumbi la mgodini? Sisi huku baridi inatung'ata, lakini tunapumua. Blanketi ulilomtumia mke wangu Matilda limefika. Anasema ndaga fijo, asante sana.

Sasa kaa chini, ndugu yangu. Uliandikiwa kwamba mama yako amehamia Ilula kwa dada yako Lusia kupumzika. Uongo mtupu. Mama mkubwa alifukuzwa hapa kwa kuitwa mchawi, na kosa lilikuwa langu.

Kazi yangu unaijua, kutunza betri za misheni zinazowasha taa za kanisa. Mwezi wa tano waya mnene wa betri ulikatika ncha, ukawa mfupi. Dawa yake naijua hata usingizini: waya mwingine mzima, unene uleule, kichwa cha betri ukikwangue mpaka king'ae, kisha ukaze kwa spana. Waya ungetoka Mbeya baada ya siku tatu. Lakini wageni walikuwa wanakuja, nami nilitaka sifa. Nikaunga kipande chembamba, nikakisokota kwa vidole, nikaviringisha tyubu ya baiskeli juu yake. Fundi mzima!

Mchana wa ibada ukungu ulitanda, taa zote zikawashwa. Kile kipande kikabeba mzigo usio wake, kikapata moto, mpira ukaungua, nyasi za paa zilizokuwa karibu nao zikashika moto. Watu walitoka. Anania, mzee wa kanisa, akarudi ndani kufuata kitabu cha ubatizo, na paa likamwangukia, akafa.

Juma moja kabla ya hapo mama mkubwa alikuwa amegombana na Anania matangani, kwa kuwa Anania alimnyima nyama mbele za watu. Alinung'unika, wakamsikia. Basi! Watu wetu unawajua, kwao manung'uniko ya mwenye hasira yanaua. Wakamtoa nyumbani kwa mawe. Nilikuwa nimesimama palepale, kipande cha waya mfukoni, nikanyamaza. Majuto ni mjukuu, Yotamu, huja kinyume.

Wiki mbili zilizopita nilishindwa kuvumilia. Niliwaeleza wazee, wakasema namkingia kifua mama mkubwa. Nikapanda lori mpaka Ilula. Nilipofika nikambembeleza dereva, nikaunga waya wa betri yake vilevile mbele ya mama, dereva akapiga stata. Moshi ukatoka. Nikapiga magoti nikamwambia, "Umeona, mama? Ni mimi."

Alinitazama kwa huruma. Huruma, jamani! Akasema, "Saulo mwanangu, waya ni wako. Lakini wewe hukuwa na hasira na Anania. Mimi nilikuwa nayo."

Hataki kurudi. Lusia anasema nyama haigusi tena, na wajukuu wakimuudhi hujiziba mdomo kwa kanga, asije akaua mtu mwingine. Mimi hanisikii. Omba ruhusa, uje umwambie wewe uliyetoka tumboni mwake. Ukitaka kunipiga kwanza, nipige.

Baba mdogo Asukile anakusalimu sana, na Matilda pia. Bwana akulinde uingiapo shimoni na utokapo.

Nduguyo akupendaye, hata kama wewe hutanipenda tena,

Saulo